Cherehani Isiyo na Uzi

Mtaani walimwita Fundi Pindo, maana sketi aliyoipinda yeye ungeweza kuivaa ndani nje na watu wasigundue. Alipojifungua, kila mtu alimpa hongera, naye akazipokea huku akitamani wote waondoke. Mtoto akilia, alimtazama kama mzigo wa mtu ulioachwa kwake kwa muda. Maziwa yalitoka, machozi yakatoka, furaha ndiyo iliyokataa kutoka. Muuguzi wa kliniki hakumlaumu. Alimwambia hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua na inatibika, akamwandikia namba ya mshauri anayezungumza na wazazi kwa simu, tena kwa video.

Kwa video! Karatasi ile ilikaa wiki mbili kwenye mkebe wa vifungo. Atamwelezaje mgeni mambo ambayo hata mumewe hayajui? Na mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kulea, je? Akisikia, si atamwambia mwanawe kwamba mke huyu hafai kuachiwa mtoto? Redioni walipotaja wazazi wanaotibiwa kwa simu, mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Siku hizi watu wanaililia simu! Sisi tulilia jikoni, tukajifuta, tukaendelea kupika."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Huyu alikwishazaa na bado anaficha. Hatimaye aliipiga ile namba. Alirudishia mlango wa chumba cha kushonea, akaegemeza simu kwenye vitambaa, akachomoa uzi na kuiendesha cherehani tupu ili mlio ufunike maneno. Ikawa hivyo kila Jumanne asubuhi, mguu ukikanyaga, mdomo ukinong'ona.

Wiki ya sita alilitoa lile lililomkaa kooni. "Kuna siku nilitamani nimwache mtoto kitandani, nitoke, nisirudi."

Mguu ulikuwa umesimama bila yeye kujua. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto begani.

"Mama, mimi..."

"Mashine imenyamaza, nikajua umefika penye uzito," alisema mama mkwe. "Ulidhani sijui? Nimeshona miaka thelathini, mwanangu. Mashine isiyo na kitambaa ina mlio wake. Unafikiri ni nani anayekaa barazani kila Jumanne kuwaambia wateja fundi ana kazi ya haraka?"

"Lakini uliwacheka wale wa redioni."

"Niliwacheka, ndiyo. Nilipomzaa mumeo nilikaa miezi minane sijui nimezaa nini, na hakuna aliyeniuliza. Basi nikadhani ndivyo inavyotakiwa. Halafu nikakuona umeanza kula. Juzi nikakusikia unamwimbia huyu. Sasa nibishane na macho yangu?"

Fundi Pindo alilia, na safari hii hakujificha. Alishukuru kwa muuguzi, kwa mshauri aliyekuwa bado anasubiri kimya kwenye simu, na zaidi ya wote kwa mwanamke huyu aliyemwogopa bure.

Mama mkwe alimpakatisha mtoto. "Sogea hapo. Kuna mteja barazani, yule mama wa sketi, nimeshindwa kumfukuza, na masikio yake unayajua."

Akaketi kwenye cherehani, akavua viatu, akaanza kuikanyaga tupu.

"Endelea, mwanangu. Mimi nashona."