Mama Andika na Kiti cha Mbele

Bungeni walimwita Mama Andika, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka ishirini na mbili alikuwa katibu wa Kamati ya Maslahi ya Wabunge, ile inayoshughulikia viti, matibabu, ofisi na kila kinachomkera mheshimiwa akiwa kazini. Walimvizia kwenye ngazi, wakamvizia kwenye foleni ya chai. Mmoja alimfuata hadi msibani, udongo wa kaburi haujatulia, amweleze habari za kiyoyozi. Jibu lilikuwa lilelile: "Andika, mheshimiwa. Weka saini. Kamati itasoma."

Hakuwa mkaidi. Aliwajua watu wake. Mambo yangeamuliwa koridoni, mwenye sauti nene angebeba yote, mpole akaambulia patupu. Barua, angalau, zilisomwa kwa zamu. Ila barua huzaa barua, na jioni alifika nyumbani magoti yakimlilia. Mumewe, mwalimu mstaafu, alimpokea mkoba.

"Leo waheshimiwa wanaumwa wapi?"

"Makalioni. Viti vipya ni vigumu."

"Na wewe?"

"Mimi sina kamati."

Jumatatu moja mbunge mmoja, Mzee wa Daraja, akaingia ofisini kwa Mama Andika, akaufunga mlango nyuma yake. Jina hilo alipewa kwa sababu kwa miaka minne alikuwa akiuliza swali moja tu, la mto wa jimboni kwake ambao watu huuvuka juu ya gogo.

"Mwanangu, nihamishie kiti. Nataka safu ya mbele."

"Andika, mzee wangu."

"Niandike nini? Kwamba masikio yameniaga? Barua zenu zinasomwa mbele ya wajumbe tisa! Kesho nitaitwa kiziwi kila jukwaa."

Mama Andika alijua anachosema. Wiki iliyopita alikuwapo ukumbini Spika alipomwita mzee huyu mara mbili aulize swali lake, naye akabaki ameketi, anatabasamu. Swali likarukwa. Lingerudi Alhamisi. Likirukwa tena lingefutwa, Bunge lingeahirishwa, na watu wangeendelea na gogo lao mwaka mwingine mzima.

Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato. "Basi andika kwamba vipaza sauti vya safu ya nyuma ni hafifu," alimwambia karibu na sikio. "Ukihamishwa kwa hilo, hakuna wa kukucheka."

Jumanne kamati ikaisoma barua, ikaamua kama inavyoamua siku zote: twende tukaone.

Jumatano asubuhi wajumbe wote tisa walijipanga safu ya nyuma, mzee katikati yao. Fundi wa sauti akasimama mbele kabisa, akasema polepole kwenye maikrofoni: "Anayenisikia, anyooshe mkono."

Mikono tisa ikapanda. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto. Ubunge ulikuwa umemfundisha jambo moja asilolisahau: wenzako wakinyoosha, nyoosha. Akanyoosha, tena juu kuliko wote.

"Hata mwenye barua anasikia," fundi akasema, akaanza kukunja nyaya zake.

"Ombi limefungwa," mwenyekiti akatangaza. "Andika, Mama Andika."

Wakacheka. Naye akaandika, kalamu nzito kama mchi.

Mzee alimfuata hadi ofisini, uso unang'aa. "Wameniunga mkono wote! Nihamie leo?"

Mama Andika akaketi. Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: *Fundi aliuliza nani anasikia. Ulinyoosha mkono.*

Mzee akaisoma. Akaisoma tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda Mama Andika hakujua kama ni kicheko au kilio.

"Kumbe nimejipinga mwenyewe," akasema. "Lete kalamu."

Safari hii hakuambiwa aandike nini. Mchana kamati ilipokutana kuhusu viti vigumu, Mama Andika akasimama, akasoma kwa sauti ileile anayosomea barua zote: "Sikio la kulia limekufa, la kushoto linajikongoja. Asubuhi nilinyoosha mkono kwa aibu. Naomba kiti cha mbele kabla ya Alhamisi." Chini kulikuwa na saini.

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja mnene, wa safu ya mbele, akakohoa.

"Achukue changu. Ni kigumu kama jiwe, lakini kiko chini ya pua ya Spika."

Alhamisi Mzee wa Daraja aliitwa mara moja tu, akasimama. Aliuliza neno kwa neno, kama mtu anayepanga mawe mtoni. Mama Andika, miguu imevuliwa viatu chini ya meza ya makatibu, aliacha kuandika ili amsikilize. Waziri akajibu kwamba serikali inalifanyia kazi jambo hilo.

Mzee alimngoja mlangoni.

"Nimelisikia jibu lote," akasema. "Mwanangu, kwa jibu lile, afadhali ningebaki nyuma."

Kwa mara ya kwanza wiki ile Mama Andika alicheka, akajishika mbavu.

"Liulize tena mkutano ujao. Andika, mzee wangu."

"Nitaandika." Mzee akautazama mguu wa Mama Andika ukipapasa ngazi ya kwanza. "Na hayo magoti yako, umemwandikia nani?"

Mzee akamwondolea mkoba begani, wakashuka, ngazi moja moja.