Wekundu Kwenye Kanzu

Juzi pale kituoni Kwa Mathias, fundi alipita amebeba kioo chekundu, nuru yake ikaangukia shati langu, nikajikuta nalipangusa.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto huko Kisarawe, bibi alinipeleka kanisani kwenye harusi ya binti wa jirani, nami nimevaa kanzu ya madrasa. Ndani kulinukia nta na maua. Mara nikaona wekundu kifuani, nikadhani dirisha la vioo vya rangi limenichuruzikia. Nikausugua kwa mate, ukanipanda mkononi.

"Mwalimu wa madrasa atajua nilikuwa huku," nilimnong'oneza bibi.

"Mume wangu, jua nalo linafuliwa?" alicheka. "Na mwalimu wako yuko nje, anangoja pilau."

Tulipotoka, kanzu ilikuwa nyeupe. Bibi alielekea kwenye pilau. Mimi nilirudi mlangoni, nikanyoosha mkono ndani, nione kama ule wekundu utanipata tena.