Kimo cha Kifua cha Dada

Dada yangu ni mfupi, na nalisema mapema kwa sababu habari yote hii imesimama juu ya ufupi wake. Wala si ufupi wa kutaniana tu. Akiwa nyuma ya kaunta ya ofisi yao, mteja huona kilemba kwanza, kisha macho, basi. Mjini wanamwita Futi. Kwetu sisi mafundi ujenzi futi ni ule utepe wa kupimia, na yeye alikuwa anatembea nao mfukoni mwaka hadi mwaka, kwa hiyo jina lilimkaa pande zote mbili. Yeye hakasiriki. Mwenye hasira katika familia yetu ni mimi, na hasira yangu nusura imfukuzishe kazi.

Alikuwa idara ya miti ya manispaa kwa zaidi ya miaka ishirini. Mji wetu una sheria ndogo: mti ukishatimiza mita moja na nusu kuzunguka shina, haukatwi bila kibali, hata kama umeota katikati ya kiwanja chako, hata kama uliupanda wewe na kuumwagilia kwa ndoo zako mwenyewe. Ukitaka kuukata unaandika maombi. Dada anakuja na utepe wake, anauzungusha kwenye shina, anasoma, anaandika. Usipotimia, kata. Ukitimia, mti unapewa namba, unaingia kwenye daftari la miti inayolindwa, na wewe mwenye hati ya kiwanja unabaki kuutolea macho.

Watu wamemtukana mpaka matusi yakawaishia. Kuna mkandarasi mmoja alimwambia mbele ya vibarua wake kwamba hawezi kuzuiwa na mtu anayefika kwenye mshipi wake. Dada alimwambia ashike ncha ya utepe vizuri, usije ukateleza. Mti ule ukapewa namba.

Sasa mimi. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule, na sebuleni analala mama mkwe. Alikuja kutibiwa macho, wiki mbili tu, huu ulikuwa mwaka wa tatu. Macho yalishapona, na kazi yake ikawa kunitazama mimi. Mwanamume mzima sivui shati nyumbani kwangu, sicheki kwa sauti, mpira nautazamia kwa jirani. Mke wangu akasema, si wewe ni fundi, unajengea watu kila siku, mjengee mama chumba. Kweli, nyuma ya nyumba kuna nafasi. Ila kwenye nafasi hiyo kuna mkuyu.

Nikaandika maombi bila wasiwasi wowote. Afisa si dada yangu wa tumbo moja? Nikahesabu ni shughuli ya asubuhi moja tu.

Akaja Jumanne, daftari kwapani, akanisalimia kama anavyomsalimia mteja. Akauzungushia mkuyu utepe, akasoma mara mbili.

“Mia moja hamsini na tatu,” akasema. “Umetimia, mdogo wangu.”

“Dada, sentimita tatu?”

“Hata ingekuwa moja.”

Mke wangu alimletea maji, akanywa, akaenda zake. Nilibaki pale nimevimba. Nikachukua utepe wangu, nikapima mwenyewe, nikiwa nimesimama wima kama inavyotakiwa, utepe kwenye kifua. Mia moja arobaini na saba. Nikarudia. Ile ile. Hapo damu ikanichemka. Nikasema huyu anataka kuuonyesha mji kwamba hapendelei ndugu, na ndugu wa kuonyeshea nimekuwa mimi. Nikakaa mezani nikaandika rufaa kwa mkurugenzi. Niliandika vitu vingi visivyo na maana, lakini neno moja nalikumbuka, kwa sababu nililipigia mstari: afisa amepima uongo.

Baada ya miezi miwili makao makuu wakamleta mpimaji wao, kijana mrefu ajabu, wanamwita Mlingoti. Alilazimika kuinama ili apite mlango wangu wa uani, na mlango ule nimeujenga mimi kwa kipimo halali. Alikuwa na adabu. Akamwomba mama afisa, ndivyo alivyomwita dada, apime kwanza. Mia moja hamsini na tatu. Akaniambia nipime mimi. Mia moja arobaini na saba. Akapima yeye. Mia moja arobaini na tano.

Tulitazamana. Mti ni mmoja, utepe ni mmoja, na watu watatu wenye akili zao wamepata miti mitatu.

Mlingoti akatoa nakala ya sheria kwenye mkoba, akasoma kwa sauti: unene upimwe kwenye kimo cha kifua. Akafunua ukurasa wa pili na wa tatu akitafuta ni kifua cha nani. Hakuna. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, maana shina hupungua kadiri linavyopanda, hilo kila mtu analijua, na kifua cha dada kiko karibu na kitovu changu. Halafu Mlingoti akaacha kucheka.

“Mama, miti iliyo kwenye daftari aliipima nani?”

“Mimi.”

“Yote?”

“Yote mia nne na kumi na miwili.”

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuelewa. Mke wangu, aliyekuwa anaanika nguo, alielewa kabla yangu, nikamwona ameshika shuka mkononi haliendi kwenye kamba. Kama kifua cha dada hakikuwa kifua, basi mji mzima ulikuwa umezuiwa bure kwa zaidi ya miaka ishirini, na aliyeuzuia ni yeye.

Mkurugenzi hakuchelewa. Kuanzia sasa, akaandika, kimo cha kifua ni mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, kwa kila mtu. Miti yote ya daftarini ipimwe upya ndani ya mwezi mmoja. Utakaopungua ufutwe, mwenye kiwanja aarifiwe kwamba yuko huru kuukata. Na ikiwa mingi itafutwa, afisa aliyeipima ajieleze mbele ya kamati ya nidhamu. Dada alikuwa amebakiza miezi kama kumi kustaafu. Mtu anayefukuzwa na kamati hastaafu, anaondoka tu, na jina lake linabaki kuwa hadithi ya kuchekesha watu kwenye vijiwe.

Siku hizo nilitamani kuingia mitini, na miti yenyewe ndiyo niliyokuwa nimeishitaki. Nikaenda ofisini kwake kuomba niiondoe ile rufaa. Ofisi yao ni chumba kimoja chenye kabati la chuma lisilofunga vizuri na dirisha linalotazama choo cha wageni. Alikuwa anaandika.

“Haiondolewi,” akasema. “Ilishapokelewa.”

“Nani aliipokea?”

“Rufaa zote zinapokelewa hapa. Niliigonga muhuri, nikapanda nayo ngazi mpaka kwa mkurugenzi.”

“Uliisoma?”

“Nazisoma zote.”

“Hata lile neno?”

“Hata hilo. Ulilipigia mstari.”

Nilitafuta pa kuweka uso. Angeweza kuitia barua ile nyuma ya kabati, na hakuna mtu duniani angejua. Yeye aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari, ndipo akaniambia Mlingoti anahitaji fundi wa kumtengenezea ubao wa kipimo na kumshikia. Akaniuliza kama Jumatatu nina nafasi. Nilikuwa na ukuta wa mtu haujapigwa lipu, nikasema nafasi ninayo.

Nikakata ubao wa mita moja na sentimita thelathini kamili, nikaupiga randa, nikaupima mara nne. Jumatatu tukaanza na uwanja wa dobi, pale kwenye kamba za mashuka. Kuna mvule. Dada alifungua daftari akasoma: miaka kumi na tisa iliyopita, mia moja hamsini na moja. Nikasimamisha ubao, Mlingoti akazungusha utepe juu yake. Ulimzidi mikono, ikabidi mimi niende nyuma ya shina nimpokelee ncha.

“Mia mbili na sita,” akasema.

Akapima tena. Mia mbili na sita.

Tukaenda wa pili, nyuma ya gereji, shina limemeza nusu ya rimu ya gari iliyowahi kuegemezwa hapo. Mia moja tisini na nane. Wa tatu uko kwa fundi cherehani, mashine zake zote nne ziko chini yake na wateja wanapimwa kivulini. Mia mbili arobaini. Mwenye gereji alikuwa ameshakodi msumeno wa mashine, tukamkuta ameukalia. Alituuliza vipi, Mlingoti akamwonyesha utepe, naye akainuka, akauondoa msumeno.

Mnanielewa? Ilikuwa imekua. Wakati sisi tunagombana juu ya nani alidanganya nani, miti ilikuwa inanenepa kila siku bila kumwomba mtu ruhusa, na ilishapita kifua cha dada, ikapita changu, ikapita cha Mlingoti. Dada alijua miti hukua, ndiyo kazi yake. Asichojua ni kama muda ulikuwa umetosha. Kwa mji mzima alikuwa ameiandika miti miaka mitatu, minne kabla haijatimia, na miaka hiyo mitatu minne ndiyo watu wenye misumeno walikuwa wanaihitaji.

Siku ya tano tuliingia barabara ya shule ya msingi. Barabara ile mimi nimepita miaka thelathini, nimesukuma mikokoteni ya saruji hapo, nimepumzika hapo. Dada akaanza kusoma namba, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, na kila nikiinua kichwa kuna mwingine mbele. Juu hakukuwa na mbingu, majani matupu, na chini yake madawati yametolewa nje, darasa zima linafanya mtihani kwenye ubaridi kama wa ndani ya mtungi, wakati barabara ya pili lami ilikuwa inayeyuka. Nikaacha ubao. Nilikuwa nikiamini kivuli kile kipo tu, kama ardhi ilivyopo. Kumbe kila kipande chake kilisimamiwa na mtu mmoja mfupi aliyekuja peke yake na daftari, akatukanwa, akaandika namba, akaondoka. Mimi nimejenga nyumba karibu sitini. Ukizipanga zote haziwapi watoto wale kivuli cha nusu saa.

“Fundi, ubao,” Mlingoti akaniambia, na yeye mwenyewe alikuwa amevua kofia.

Mwezi ulipokwisha, miti iliyopungua ilikuwa sita, yote ya miaka ya karibuni. Mingine iliyokufa yenyewe ilifutwa kwa haki. Kamati ya nidhamu haikuitwa. Nikiwa namsindikiza dada kituoni jioni ile ndipo nilipomuuliza kama siku zote alijua kifua chake kiko chini ya vifua vya watu.

“Nimeishi nacho miaka hamsini na tisa,” akasema. “Nisijue kiko wapi?”

“Na hukusema.”

“Sheria iliniambia kifua. Nikatumia nilichonacho.” Akatembea kidogo. “Ningekuwa mrefu sijui ningefanyaje. Nashukuru sikujaribiwa.”

Nikamwomba msamaha, palepale, watu wanapita. Alisema amenisamehe tangu siku ya muhuri, ila iliuma. Alisema hivyo hivyo, iliuma, kisha akafungua mkoba akanipa karatasi. Kilikuwa kibali changu. Mkuyu ulikuwa mia moja arobaini na saba kwenye ubao, haukutimia, na yeye ndiye aliyekiandika na kukitia saini. Kinatumika miezi kumi na miwili.

“Kata,” akasema. “Ni haki yako.” Nami namjua dada yangu, hakuwa ananitega.

Nilimwita mwenye msumeno mara mbili, na mara mbili nikamrudisha na visingizio. Mama mkwe akawa anauliza kwa dirisha la sebule, “Baba, chumba kimefikia wapi?” nami namjibu, “Bado kidogo, mama.” Mke wangu hakuniuliza, maana alikuwa ananiona asubuhi nikitoka na ubao na utepe kabla sijanywa chai. Mia moja arobaini na nane. Mvua za masika zikaja vizuri. Nilikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili ninayeombea mti unenepe kama mtu anavyoombea mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo.

Mwezi wa kumi na moja wa kibali nikaenda manispaa. Dada alikuwa ameshastaafu, Mlingoti ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, magoti yamegonga meza. Akaja siku ya pili, na dada nikamleta kama mgeni tu, sikumwambia kuna nini. Nikasimamisha ubao. Mlingoti akazungusha, akasoma, akaniita nisome na mimi.

“Mia moja na hamsini na nusu,” nikasema.

Mlingoti akafungua daftari aandike namba. Dada hakuwahi kulia kwa matusi ya mkandarasi, wala kwa barua yangu, wala ule mwezi mzima wa kupima. Sasa alikaa chini pale pale kwenye mizizi, na nguo zake za kutokea, akalia kwa sauti. Mama mkwe alifungua dirisha kuangalia. Mimi nilisimama na ubao wangu sijui nifanye nini, halafu nikauweka chini, nikakaa karibu naye.