Mwalimu Hifadhi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Hifadhi, na jina likamkaa. Kanuni ya uhifadhi wa momenta, yaani uzito wa kitu mara mwendo wake, yeye aliielewa kwa neno lake: ihifadhiwe kichwani, basi. "Jumla ya momenta kabla ya mgongano ni sawa na jumla baada ya mgongano," darasa zima likaimba, naye akagonga meza kwa rula, roho yake kwatu. Kuelewa kilichoimbwa? Hiyo aliwaachia wenye muda. Ubingwa wake ulikuwa kufunga tai.

Mkosi wake, binti yake alisoma katika darasa lake. Jioni moja msichana alichora vigari viwili vinavyokwenda kugongana, kimoja akakipa alama ya kutoa.

"Futa hiyo," baba alisema. "Umeona wapi gari lenye mwendo wa kutoa?"

"Baba, hiki kinatoka upande wa pili."

"Futa, mama, usinitie aibu."

Akafuta. Mtu haambiliki, utafanyaje?

Kisha akaja mkaguzi. Ukuu wa idara ya sayansi ulikuwa wazi, na Hifadhi aliutaka hadi ulimkosesha usingizi. Mkewe alishawatangazia majirani. Mbele ya darasa Hifadhi akatoa vigari viwili vya uzito mmoja, vyenye nta puani, akavisukuma vikutane kwa kasi ileile. Vikanasana, vikasimama.

"Momenta imekwenda wapi, mwalimu?" mkaguzi akauliza.

Lo, hilo halikuwamo kwenye wimbo. Hifadhi akajibu: "Imekwisha, mzee."

Imekwisha, eti. Kanuni nzima inasema haiishi, na huyu ameiimba nusu ya maisha yake. Hovyo kabisa.

Binti aliliona jasho likimtiririka baba yake shingoni. Alimdharau, tena sana, lakini alikuwa baba yake na alimpenda. Akanyoosha mkono.

"Jumla ilikuwa sifuri tangu mwanzo," alisema. "Kimoja kilikwenda kulia, kingine kushoto. Cha kulia ni chanya, cha kushoto hasi. Ukijumlisha, sifuri. Na sasa vimesimama, ni sifuri vilevile."

Mkaguzi akamtazama. "Nani amekufundisha?"

Darasa zima lilikuwa linajua si Hifadhi. Msichana akatazama sakafu.

"Baba," akasema.

Mkaguzi akampa mwalimu mkono, akamwita kwa cheo kipya: mkuu wa idara. Hifadhi akautikisa mkono ule, kifua mbele.

"Huyu nimemfundisha mwenyewe," akasema, na kibaya zaidi, aliamini.