Mtoto wa Yule Mvivu

Kwetu Zombe mwanaume husamehewa mambo mengi. Akilewa watasema ni shetani. Akikimbiwa na mke, akigombana na mchungaji, akisogeza mpaka wa shamba la ndugu yake, wataongea hadi wachoke kisha wamsalimie kama kawaida. Lakini akiitwa mvivu, amekwisha, na watoto wake wamekwisha pamoja naye. Nalijua hilo vizuri kwa sababu nilikua nikiitwa mtoto wa yule mvivu, na hakuna aliyeona kwamba ni matusi.

Mama husema baba hakuwa hivyo alipomwoa. Alichimba matuta ya shamba letu lote kwa mikono yake, na mpaka leo yanazuia maji. Kisha alipofika umri wa makamo, umri huu nilio nao mimi sasa, akaanza kukaa. Alitoka na jembe asubuhi kama wanaume wengine, lakini jua likianza tu kuchoma ungemkuta kwenye kivuli cha ghala, mtungi wa maji kando yake, macho ameyafumba. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Na kila mara aliinuka akaenda kukojoa nyuma ya nyumba, kwa sababu choo kilikuwa mbali na miguu yake haikutaka kufika.

Pale nyuma ya nyumba walijaa sisimizi. Weusi, wengi, siku zote. Mama alitoka na majivu ya jikoni kila asubuhi akawamwagia, huku akisema kwa sauti ya kutosha majirani wasikie kwamba ameolewa na mtu mvivu hata wa kwenda chooni. Baba alijikokota tu kurudi kwenye mtungi wake.

Mwishowe alikanyaga mwiba. Mwiba tu, kitu ambacho kwetu hata mtoto hakililii. Kidonda kikakataa kupona, kikaoza, kikanuka, na watu wakasema haogi, ni mvivu hata wa kujiosha mguu. Alipokufa, mzee mmoja alisimama kwenye mazishi akasema marehemu sasa amepata kazi aliyoipenda, kupumzika. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kuficha mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nimesimama karibu na kaburi, na niliwachukia wote. Nilimchukia na baba pia, kwa kuwapa sababu.

Nikahama. Nilitafuta shamba Makueni, upande wa juu wa Kiboko, mahali ambapo hakuna aliyemjua baba yangu. Huko nilichapa kazi kama mtu anayefukuzwa. Kwenye mwethya, lile kundi letu la kusaidiana kazi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtoni na wa mwisho kuweka jembe chini. Tulikuwa tukijenga ukuta katikati ya mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga. Kazi hiyo ni ya kuvunja mgongo. Wanaume wanachimba hadi kwenye mwamba, wanawake wanabeba mawe na karai za mchanga, na kila mtu anamwangalia mwenzake. Katika mwethya huwezi kujificha. Nilipenda hivyo, kwa sababu nilitaka wanione.

Kisha mwili ukakataa. Haukukataa kwa siku moja. Ungekuwa mguu umevunjika ningewaonyesha mguu. Nilianza kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Nikiinua jembe mara chache, mikono inatetemeka na kinywa kinakauka. Siku moja nilikaa juu ya mchanga, nikasema napumzika kidogo, na nilipofungua macho mke wangu alikuwa amechukua jembe langu. Alikuwa ndani ya shimo, na wanaume walikuwa wakimtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye.

Ah, hapo ndipo kila mtu alipokuwa daktari. Shemeji yangu alisema ni uzee, nikubali tu. Jirani akasema ni muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa, na mimi sijawahi kuyatia kinywani. Mwenye duka la dawa pale sokoni alisema ni homa ya matumbo, maana kwake kila mtu ana homa ya matumbo, akanidunga sindano mpaka makalio yakafa ganzi. Mwingine alininong'oneza kuhusu mizizi fulani ya nguvu za kiume. Mchungaji alisema kuna roho ya uvivu, akaniwekea mikono kichwani mbele ya kanisa lote. Nilipiga magoti pale nikisikia neno hilo likitajwa kwenye kipaza sauti. Nilihama wilaya nzima kulikimbia, nalo limenifuata hadi madhabahuni.

Lakini waliniombea kwa moyo safi, hilo siwezi kukataa. Na wiki iliyofuata wakaja nyumbani kunitazama, wao na watu wa mwethya, vile tunavyofanya sisi. Kwetu mtu akidhoofika anapelekewa soda. Soda, mkate mweupe, na ile pakiti ya glukosi ya kukoroga kwenye maji ili damu irudi. Walileta kreti nzima. Waliimba, wakaomba, wakanifungulia chupa kwa mikono yao, wakakaa kuhakikisha nimemaliza. Nami nilimaliza, maana nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuiona. Kila aliyeondoka aliacha kitu kitamu mezani, na kwa siku kadhaa mke wangu alinikorogea glukosi asubuhi na jioni, kwa upendo. Nilizidi kukonda. Macho yakaanza kuona ukungu. Akaongeza glukosi.

Kati ya wale wageni alikuwemo mama mmoja aliyeolewa huku kutoka upande wetu wa Zombe. Sikumtambua, lakini yeye alinitambua. Siku chache baadaye, mtoni, nilipokaa tena, nilimsikia akiwaambia wenzake bila hata kupunguza sauti, "Mnashangaa nini? Baba yake alikuwa hivyo hivyo." Wakatikisa vichwa kama watu waliopata jibu la hesabu ngumu.

Nilienda nyumbani nimevunjika moyo kabisa. Asubuhi mke wangu aliniita nyuma ya nyumba. "Baba watoto, njoo uone. Hawa sisimizi wametoka wapi?" Walikuwa wamejaa pale nilipozoea kusimama. Alisema atanunua dawa ya kunyunyiza. Nilisimama nikiwatazama, na kitu pekee nilichofikiria ni kwamba uvivu ni damu, na kwamba baba amenipata.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa, kwa nguvu, baada ya mimi kuanguka nikienda kufungulia mbuzi. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu wa kwanza. Aliniita mzee, na siku hiyo sikukasirika. Alisema uchovu kwa mwanaume wa umri wangu una milango mingi, huenda damu imepungua, huenda tezi ya shingoni imelegea, huenda ni moyo, au mtu anakoroma hadi pumzi inakatika na halali kweli, au ni mawazo mengi tu. Angeniangalia yote. Lakini alianza kwa kunidunga kidole, akaweka tone la damu kwenye kamashine kadogo, akatazama, akanidunga kidole kingine.

"Sukari iko juu sana, mzee. Mashine inashindwa hata kuisoma. Kwenu kuna mtu mwingine mwenye sukari?"

"Hakuna."

"Baba yako je?"

"Baba hakuwa na ugonjwa. Alikuwa mvivu tu."

Aliacha alichokuwa akifanya. "Mvivu namna gani?"

Nikamweleza. Kivuli cha ghala. Mtungi wa maji. Kwenda nyuma ya nyumba kila saa. Sisimizi. Nilipofika kwenye ule mwiba na mguu uliooza, nilikatiza maneno, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia mwenyewe niliyokuwa nikisema. Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Pole sana," na nikajua hasemi juu yangu.

Mambo ya dawa na chakula sitayasimulia. Kila hospitali inayasimulia. Nilirudi nikipata nafuu kidogo kidogo. Mwenyekiti wa mwethya aliposikia alicheka akasema sukari ni ugonjwa wa matajiri, mimi niliitoa wapi. Nilimjibu kwamba niliitoa kwenye kreti yao. Sikuwa natania, lakini alidhani natania, akanipiga bega.

Safari iliyonikaa moyoni ilikuwa ya Zombe. Nilitaka mama asikie kutoka kwangu. Niliona kwamba baba amelala huko na jina ambalo si lake, na mtu wa kwanza wa kumvua jina hilo ni yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Nilimkuta amekaa uani akipepeta ndengu. Amezeeka sasa, lakini mikono yake bado haikai bure. Alinitazama nilivyokonda, akamwita mjukuu akanunue soda dukani kabla hata sijaketi. Ililetwa baridi, ikafunguliwa, ikawekwa kwenye kigoda mbele yangu.

"Kunywa, mwanangu. Umekauka."

"Siwezi, mwaitu. Hiyo ndiyo inayoniua."

Nikamwambia yote. Nilimwambia polepole, kwa Kikamba, ili pasiwe na neno la kumpita. Kiu, mkojo, macho, kuchoka. Nilimwambia kwamba mkojo wenye sukari ndio unaoita sisimizi. Nilimwambia kwamba kidonda cha mtu kama huyo hakiponi hata akiogeshwa kila saa. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Kwa hiyo hakuwa mvivu," nikasema. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote kulisema hilo katika uwanja ule, na nilisema kama mtu anayeleta habari njema.

Mama aliweka ungo chini, akachukua ile chupa ya soda, akaenda nayo nyuma ya nyumba akishika ukuta. Nilimfuata. Aliimwaga chini, pale pale, mpaka tone la mwisho. Udongo wetu ni mkavu, uliinywa mara moja. Tulisimama hapo, na haukupita muda sisimizi wa kwanza wakatokea kwenye ufa wa msingi, kisha wengine nyuma yao.

Nilimwambia turudi uani, jua ni kali. Hakusogea. Aliwatazama wakijaa, na safari hii hakwenda jikoni kuchukua majivu.

"Mvivu nilikuwa nimeshamzoea," akasema. "Nilikuwa nimeshamsamehe hata. Sasa wewe umeniletea mgonjwa. Huyu nimpeleke wapi?"