Zumari Kwenye Kabati la Kioo

Ukifika Nyahanga ukaulizia klarineti, utatazamwa kama mtu aliyekuja kukagua leseni. Ulizia zumari la Pantaleo, na hata muuza vitumbua ataacha kikaango chake akuelekeze.

Pantaleo Masalu alipewa zumari hilo akiwa na miaka kumi na saba, na padre mzee aliyekuwa akirudi kwao na asiyetaka kuongeza uzito wa mizigo. Padre alimfundisha wiki tatu, akaondoka. Mengine Pantaleo alijifundisha mwenyewe, kwenye ngoma za mavuno, kwenye misiba, na miaka tisa kwenye bendi ya dansi iliyozunguka machimbo ya Geita, ambako wachimbaji walitoka kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, na vumbi mpaka kwenye kope wakacheza hivyohivyo. Kifunguo kimoja kilipolegea alikifunga kwa mpira wa baiskeli. Ulimi, kile kibanzi kinachotetema mdomoni, alijichongea kwa matete ya Nkome. Kwa miaka arobaini mti ule ulikunywa mate yake. Hata hivyo, kwenye daftari la kanisa ulibaki umeandikwa mali ya kigango, na hilo halikumsumbua mtu mpaka kigango kilipokaribia jubilei.

Hapo ikaundwa kamati, na penye kamati hapakosi mwalimu Ngassa. Alikuwa mstaafu, mwenyekiti wa kila kitu, na mtunzi wa wimbo wa jubilei ambao yeye mwenyewe aliuita mzito. Alimwita Pantaleo akamfungulia kisanduku cheusi chenye kitambaa chekundu cha mahameli ndani. Humo lililala zumari jipya, zawadi ya wafadhili, linang'aa, lina vifunguo vingi kuliko mlango wa benki.

"Shikamoo, mwalimu," Pantaleo alisema, macho yakiwa kwenye kisanduku.

"Marahaba, Baba Ritha. Mgeni rasmi hatuwezi kumpokea na chombo kilichofungwa mpira wa baiskeli. Siku hiyo utapiga hili. Lile la zamani tutaliweka kwenye kabati la kioo, watu waone tulikotoka."

"Na baada ya siku hiyo?"

"Ukipiga hili vizuri, lile la zamani kamati inakupa liwe lako moja kwa moja. Kwa barua. Ila usituaibishe."

Pantaleo alitoka pale na furaha iliyochanganyika na hofu. Kumbe kitu alichokishika maisha yake yote hakikuwa chake, na sasa alipaswa kukishinda kama mtihani.

Na mtihani wenyewe ulikuwa wa vidole. Mazumari yale mawili yalifanana kwa umbo tu. Kwenye lile la zamani, ukishusha kidole cha shahada cha mkono wa kulia inatoka sauti fulani. Kwenye jipya, kidole hichohicho, mahali palepale, kinatoa nusu sauti chini yake. Ukiitaka ile ya kwanza, utumie kidole cha kati. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukakuta mlango umehamishiwa upande wa jikoni. Kwa miezi sita Pantaleo alijigonga kwenye ukuta huo. Wimbo wa Ngassa aliujifunza kwenye jipya tu, makusudi, asije akauzoea kwa vidole vya zamani. Nyimbo za ngoma aliziacha zilikolala, kwenye la zamani. Mkewe Justa alizoea kumsikia akijisuta uani, na kila usiku kabla ya kulala alimwombea asikosee.

Jumamosi ya kuamkia jubilei, Mayala akampitia. Mayala alikuwa kiongozi wa ngoma ya Bagika, na siku hiyo walishindana na wapinzani wao wa siku zote, Bagalu, uwanjani, njia ya Isaka. Sheria ya shindano hilo kila Msukuma anaijua. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Hakuna jaji, watu wanaamua kwa miguu yao. Ndiyo maana kila upande una wachezaji wake, na una dawa yake ya kuvuta watu.

"Hayo ya dawa mimi siyataki," Pantaleo alisema.

"Hakuna atakayekugusa, Baba Ritha. Wewe puliza tu."

Ni kweli, yeye hakuguswa. Alibeba mazumari yote mawili, la zamani akiwa amelifunga kwenye kipande cha khanga, jipya kwenye kisanduku chake, maana Ngassa alimwapisha asiliache hata chooni. Alipokuwa akila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwa Mayala, mganga wa Bagika aliingia chumba vilimowekwa vyombo vya ngoma kufanya kazi yake. Akakuta kijifurushi cha khanga, akakuta na kisanduku chenye mahameli. Mganga hakuwa mjinga. Chombo chenye nguvu hakifungwi kwenye tambara. Akafungua kisanduku, akalipaka lile jipya unga mwekundu uliokandwa kwa asali, kila tundu, kila kifunguo.

Mchana Pantaleo alifungua khanga akapiga la zamani. Vidole vilijirudia vyenyewe nyumbani, sauti zikateleza kutoka moja hadi nyingine kama anavyoteleza mwimbaji wa Kisukuma, na saa kumi Bagalu walibaki wakichezeana wenyewe. Mganga alipeana mikono na watu mpaka akachoka.

Jumapili asubuhi Pantaleo alikabidhi la zamani. Ngassa mwenyewe akaliweka kabatini karibu na altare, akafunga kwa kindoano kidogo. Misa ikaanza, mgeni rasmi akaketi, wimbo wa jubilei ukatangazwa. Pantaleo akafungua kisanduku, na harufu ya asali ikampanda puani. Alibonyeza kifunguo. Kilishuka, hakikupanda.

Alielewa palepale, na alijua pia kwamba hawezi kumweleza mwenyekiti wa kigango dawa ya Bagika imefikaje kwenye zawadi ya wafadhili. Kanisa zima lilimtazama. Akasimama, akaenda kabatini, akafungua kindoano. Ulimi ulikuwa mfukoni mwake, maana kamati haikujua kwamba zumari lina ulimi.

Akapiga. Wimbo ulikuwa kwenye vidole vipya, zumari lilikuwa la zamani. Palipotakiwa sauti ya kutulia, kidole cha shahada kilishuka na sauti ikatoka nusu juu, kali, kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Jasho likamtoka. Ubeti wa pili, kosa lilelile. Ubeti wa tatu kwaya wakalifuata, na kina mama wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi alitoa leso.

Katika hotuba yake mgeni alisema hajawahi kusikia ibada iliyobeba roho ya Usukuma namna ile. Akaongeza kuwa chombo chenye sauti hiyo ni hazina, kisizururishwe vumbini. Makofi yakapigwa, ya Ngassa yakiwa marefu kuliko yote. Jumatatu kindoano kiliondolewa, kikawekwa kifuli. Barua ilikuja kweli, na ilikuwa ya shukrani.

Jipya lilisafishwa kwa wiki nzima. Sasa kila Jumapili Pantaleo analipiga, na wimbo ule unaimbwa pamoja na kosa lake. Ngassa amesahihisha karatasi zote na anasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Kwenye jipya kosa hilo linataka kidole cha kati. Siku Pantaleo akijisahau akapiga kama wimbo ulivyotungwa, Ngassa humwambia amekosea. Mganga naye anasimulia mpaka Kahama mjini kwamba dawa yake imemliza mgeni rasmi.

Jioni moja Justa alikuwa akichambua mchele, mumewe ameketi kando, vidole vinacheza juu ya goti, vile vya zamani.

"Baba Ritha," alisema, "miezi sita nilikuombea usikosee. Ningejua, ningekuombea ukosee vibaya, wangekutupia zumari lako siku ileile."

Pantaleo alishusha kidole cha shahada gotini, akakiacha hapo.

"Nilijitahidi sana, Mama Ritha," alisema.