Bila Kuangalia Nyuma

Katika mashindano yote ya kitaifa ya mpira wa vikapu ya vyuo vya walimu, mimi nilifunga mara moja tu. Moja. Na wale tuliosoma nao, mpaka leo tukikutana stendi ya Kaplong, huanza kucheka kabla hata ya kunisalimia. Shauri yao. Lakini kama ni kucheka, wacheke wakijua habari yote.

Mama yangu alikuwa mchunaji wa majani chai katika shamba moja kubwa nje ya Kericho. Alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akapewa kikapu cha mgongoni, na hakukitua mpaka magoti yalipokataa. Mimi nilichuna naye kila likizo. Mchunaji hana nafasi ya kugeuka. Mikono miwili inanyakua machipukizi, ikijaa unatupa juu ya bega, majani yanatua kikapuni huko nyuma, na macho yako bado yako mbele yanatafuta mengine. Ukigeuka kuangalia kama yameingia, wenzako wamekuacha mbali.

Chuoni nilichaguliwa kwenye timu kwa sababu ya urefu. Urefu tu, jamani, tusidanganyane. Kudunda mpira nikikimbia nilikuwa kama mtu anayefukuza kuku. Kitu kimoja nilichokiweza ni kuupa ubao mgongo, kurusha mpira juu ya bega, na ukaingia kwenye ringi. Tulikuwa tukishindania maandazi: nikikosa nanunua, nikipata nakula. Nilinenepa. Kocha wetu, mwalimu mfupi ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata kanisani, aliniambia, "Wewe, hiyo tabia ya shambani iache shambani. Siku moja itatuua."

Mama naye hakutaka kusikia habari ya mpira. "Mimi nainama kutoka asubuhi ndio ulipiwe karo, na wewe kazi ni kurukaruka?" Nilipomwambia kwamba mashindano ya kitaifa yatachezwa hapo hapo chuoni kwetu, alifikiria kidogo, kisha akasema, "Nitakuja siku moja. Moja tu. Nikiona kitu ya maana, nitanyamaza. Nisipoona, hiyo mpira utawacha, ushike vitabu." Mama akishasema hivyo, amemaliza. Na mimi niliupenda ule mpira, hata kama wenyewe haukunipenda.

Basi tukafika fainali. Nasema tukafika, lakini mimi nilifika nikiwa nimeketi, maana tangu mechi ya kwanza sikuwa nimetoka benchi. Wapinzani walikuwa wasichana wa kutoka Nairobi, viatu vyao vipya vinalia kwi kwi kwi kwenye simiti. Mama alitokea mchana moja kwa moja kutoka kazini na wenzake watano, wote na gambuti, aproni za plastiki na vikapu mgongoni. Wakasimama mbele kabisa. Waliokuwa nyuma yao hawakuona mchezo tena, waliona vikapu. Mwanafunzi mmoja wa kupanga watu akawaomba kwa heshima wavitue.

"Kikiibwa utanipea chako?" Mama akamuuliza. Yule kijana akaenda kupanga watu wengine.

Halafu Mama akaniona pale benchi. Ai! Alipaza sauti uwanja mzima ukasikia: "Mwalimu! Huyo wangu ana homa?"

Kocha akajifanya hasikii.

"Mbona amekaa na wagonjwa? Yawa, mtoto alitoka kwangu mzima!"

Nilitamani simiti ipasuke inimeze. Dakika chache baadaye nikaona kitu kinapita mkono kwa mkono kutoka kwa watazamaji: hindi la kuchemsha, limefungwa kwa maganda yake, bado la moto. Mama ameona nimekaa kinyonge, akaamua ni njaa. Ningefanya nini? Nikala. Huko uwanjani wenzangu wanakufa, mimi natafuna.

Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja. Hapo ndipo mambo yakaharibika. Tayari wenzetu watatu walikuwa wametolewa kwa makosa, na mmoja alikuwa na kifundo cha mguu kilichofura. Sasa kapteni wetu akaanguka akishika paja, mguu umekaza kama mti. Kocha akageukia benchi kutafuta mtu. Benchi tulikuwa tumebaki wawili, mimi na hindi.

Akalitazama hindi, akanitazama mimi. "Ingia," akasema. "Usiguse kitu."

Nikaingia, punje zimejaa menoni. Nikasimama chini ya ringi yetu, ile tuliyokuwa tukiilinda, mikono juu, nikiomba Mungu mpira upite mbali. Msichana wa Nairobi akarusha, mpira ukagonga ubao, ukarudi, ukatua mikononi mwangu kana kwamba umetumwa. Nikageuka niangalie uwanja, ringi yetu sasa iko mgongoni kwangu. Watatu wananijia. Kocha anapiga kelele, sielewi neno. Nikamtafuta Mama kwa macho na nikamwona, ameshika shavu, mdomo wazi, ananingoja nifanye kitu cha maana.

Akili ikaniacha. Mikono ikabaki kazini. Nikautupa ule mpira juu ya bega, bila kuangalia nyuma, na nikasikia wavu ukisema shwaa.

Safi kabisa. Kwenye ringi yetu wenyewe.

Nairobi wakapewa pointi mbili, na filimbi ya mwisho ikalia. Nyie! Chuo kizima kikanyamaza. Kocha alikaa chini kwenye simiti polepole, akaweka filimbi kando. Hata wale wa Nairobi kwanza hawakujua washangilie au waulize. Nikasimama katikati peke yangu, mikono bado iko begani.

Ndipo vigelegele vikapasuka kutoka kwa wale wa gambuti. Mama alikuwa anakuja mbio, kikapu kinarukaruka mgongoni, akanikumbatia akaninyanyua na urefu wangu wote. "Bila kuangalia!" akawaambia watu. "Mmeona mtoto wangu? Bila kuangalia!"

Sikuweza kumwambia. Shamba zima lilijua kwamba binti yake ndiye aliyemaliza fainali, na kwa kweli ndiye aliyeimaliza. Tangu siku ile Mama hakusema neno baya juu ya mpira. Nami nilitembea na ule uongo miaka yote, unanikereketa.

Siku hizi nafundisha shule moja karibu na Silibwet, na mimi ndiye kocha. Muhula uliopita Mama alikuja kunitembelea, nikamwekea kiti kando ya uwanja. Kasichana kamoja kembamba ka darasa la saba kakachanganyikiwa, kakafunga kwenye ringi yetu. Watoto wote wakanyamaza. Niliinuka na hasira zangu zote, filimbi mdomoni. Mama akanivuta sketi.

"Kaa chini. Si hata wewe ulifanya hivyo."

Nikakaa. Filimbi ikanianguka. "Mama, ulijua?"

"Miaka yote hiyo nasimama kwa mizani ya majani chai namwangalia karani asinipunje, unadhani siwezi kusoma namba mbili kwa ubao wa pointi?"

"Sasa ulikuwa unashangilia nini?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kitu cha kipuuzi. "Watu wote walikuwa wamenyamaza, na wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Ningekuwacha pale katikati peke yako?"

Kale kasichana kalikuwa bado kamesimama chini ya ringi, mikono inaning'inia, kananiangalia. Nikainuka, nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote, na Mama akanipokea kutoka kitini.